Binti wa mwaka na nusu ana kilo 8.9: je, daktari alikosea kusema yuko sawa?

SWALI: Daktari, shikamoo. Nina binti wa mwaka mmoja na miezi sita, ndiye mtoto wangu wa kwanza. Alizaliwa na kilo 2.7. Alipotimiza mwaka alikuwa na kilo 8.1, miezi mitatu baadaye 8.6, na wiki iliyopita kliniki wamempima wakapata 8.9. Hapo katikati aliugua homa na kuharisha karibu wiki nzima. Anatembea, anakimbia, anasema maneno kadhaa, ila kula ndiyo shida. Uji anakunywa kwenye chupa mara nne kwa siku, lakini wali au ugali anaonja vijiko viwili anafunga mdomo. Bado ananyonya. Daktari wa kliniki aliangalia kadi akasema, "Mama, mtoto yuko sawa, mpe chakula kizito, mrudishe mwezi ujao," basi. Nyumbani hilo halijaeleweka. Mtoto wa jirani wa umri huohuo ana kilo 12. Mama mkwe anataka nimwachishe ziwa, na nimemsikia akinong'ona na wifi kwamba mtoto amebemendwa. Duka la dawa wamenipa sirapu ya kuongeza hamu ya kula, bado sijaifungua. Nifanyeje? (Mama wa mtoto mmoja, Tanga)

JIBU: Marahaba, mama. Umenirahisishia kazi kwa kuandika uzito wa vipindi vyote. Wengi huniuliza, "Mwanangu ana kilo tisa, ni sawa?" na sina cha kuwajibu mpaka nijue umri. Kilo tisa kwa mtoto wa miezi minane ni uzito mzuri kabisa. Kwa mtoto wa miaka mitatu ni jambo la kumpeleka hospitali leo hii.

Nianze na jibu fupi ili upumue. Daktari wako hakukosea. Mama mkwe naye kuna kitu amekiona, ingawa sababu anayoitaja siyo. Na sirapu hiyo usiifungue. Sasa twende taratibu.

Kwa mtoto wa kike wa miezi 18, viwango vya Shirika la Afya Duniani vinaweka uzito wa katikati kuwa kilo 10.2. Tunaanza kusema mtoto ana uzito pungufu akishuka chini ya kilo 8.1, na chini ya 7.2 hali ni mbaya. Upande wa juu, hata mwenye kilo 13 bado yumo ndani ya wigo wa kawaida. Kwa hiyo wako mwenye 8.9 na wa jirani mwenye 12 wote wawili wamo, kama watu wazima wawili wenye afya wanavyoweza kupishana kilo ishirini na hakuna anayewashangaa. Mmoja kazaliwa na kilo 2.7, mwingine huenda kazaliwa na 3.8. Mmoja baba yake mwembamba, mwingine ukoo mzima ni watu wa miraba minne. Jirani yako akifungua tena mdomo, mwambie mwanawe ana haki ya kilo zake na wako ana haki ya zake.

Najua kuna watu husema vipimo hivi ni vya watoto wa Kizungu. Hapana. Viwango tunavyotumia leo vilitolewa mwaka 2006 baada ya kufuatilia watoto wa nchi sita: Brazili, Ghana, India, Norwe, Oman na Marekani. Watoto wa Accra na wa Muscat walipimwa sawa na wa Oslo, na kilichoonekana ni kwamba mtoto aliyenyonyeshwa vizuri, akalishwa vizuri na kutibiwa kwa wakati, katika miaka yake mitano ya mwanzo hukua karibu sawa popote alipo. Kwa hiyo mtoto wa Tanga hana sababu ya kuwekewa kipimo chake cha peke yake.

Lakini uzito wa siku moja haunitoshi. Kadi ya kliniki ina mchoro kwa sababu hiyo: tunataka kuona nukta zinaelekea wapi. Nimezipanga za binti yako. Kuanzia mwaka mmoja hadi mwaka na miezi mitatu aliongeza nusu kilo, yaani alikuwa akipanda sambamba na mistari ya kwenye kadi, chini ya ule wa katikati, na hiyo ni njia yake halali. Miezi mitatu iliyofuata ameongeza gramu 300 tu. Kwa umri huu mtoto huongeza kama gramu 200 kwa mwezi, hivyo tulitegemea 600. Nukta zake bado zinapanda, ila zimelala kidogo. Hapo ndipo macho ya mama mkwe yanaposema kweli: mtoto amepungua kasi. Ukichukua homa na ile wiki ya kuharisha, maelezo yake yapo wazi. Kilichobaki ni kujua kama atairudia kasi yake, na hilo ndilo daktari wako anataka kuliona mwezi ujao. Angekwambia hivyo kwa dakika mbili zaidi usingekuwa na haja ya kuniandikia, lakini nayajua mabenchi ya kliniki siku ya kupima, mama arobaini wanangoja na nesi ni mmoja.

Kabla hatujaenda kwenye chakula, angalia mizani. Ile ya kuning'inia, yenye uso kama saa, ina vistari vya gramu mia mia. Mtoto akirusha miguu mshale unacheza, na mhudumu husoma kwa kukadiria. Kama mwezi uliopita alipimwa uchi na mwezi huu amevaa gauni, sweta na pampasi iliyolowa toka alfajiri, hapo umeongeza gramu mia kadhaa ambazo si mwili wake. Na kinyume chake vilevile. Siku ya kliniki mvue abaki na chupi kavu, mwombe nesi ahakikishe mshale uko kwenye sifuri kabla hajamtundika, na mtumie mizani ileile kila mwezi. Sijui ni kina mama wangapi wamelia kwa sababu ya sweta.

Sasa kuhusu kukataa chakula. Mwaka wa kwanza binti yako aliongeza kilo tano na nusu hivi. Uzito wa kuzaliwa ulijizidisha mara tatu. Mwaka wa pili mtoto wa kawaida huongeza kilo mbili na nusu. Mwili umepunguza mwendo, na njaa imepungua nayo. Juu ya hapo ameanza kutembea, mashavu yanayeyuka, miguu inarefuka, na kila mtu anasema "amekonda". Pia amegundua kwamba yeye ni mtu na ana neno la "sitaki". Vijiko viwili vya wali kisha mdomo kufungwa, hilo pekee haliniogopeshi.

Kilichonishtua kwenye barua yako ni chupa.

Uji ili upite kwenye chuchu ya chupa lazima uwe mwepesi, hata kama umeitanua tundu kwa sindano ya moto kama wengi wanavyofanya. Tumbo la mtoto wa kilo tisa linabeba kama mililita 270 kwa mara moja, kikombe kimoja cha chai na kidogo juu. Chukua chupa ya uji mwepesi: vijiko viwili vya mezani vya unga, maji, kijiko kidogo cha sukari. Hapo una kalori zisizofika 90. Mara nne kwa siku, 360 hivi, na tumbo limeshinda limejaa maji. Mtoto wa mwaka na nusu anayenyonya anahitaji kama kalori 550 kutoka kwenye chakula, mbali na maziwa ya mama. Utaona mwenyewe pengo liko wapi. Na huyu mtoto akiletewa wali saa saba mchana, baada ya chupa ya saa tano, unategemea aule na njaa ipi? Anafunga mdomo kwa sababu ameshiba, ila ameshiba maji.

Chukua sasa kikombe hichohicho kimoja. Weka vijiko vitatu vya mezani vya unga, nusu kikombe cha maziwa badala ya sehemu ya maji, kijiko kimoja cha mezani cha karanga zilizokaangwa na kusagwa laini, na ukiepua tia kijiko kidogo cha mafuta ya kula. Unakaribia kalori 300. Tumbo ni lilelile, kikombe ni kilekile, chakula kimekuwa mara tatu. Huku kwenu Tanga mna nazi; tui zito la kwanza linafanya kazi ya mafuta vizuri tu, na watoto wengi hulipenda kuliko karanga. Uji huo hautapita kwenye chupa, na ndivyo tunavyotaka. Ukiuchota na kijiko ukakiinamisha, uteremke polepole kwa vipande, usitiririke. Daktari aliposema "chakula kizito" alimaanisha hiki. Wengi hudhani alimaanisha ugali mgumu.

Chupa iache kabisa, wala usiipunguze kidogo kidogo, utachoka. Atalia siku mbili tatu. Mpe maji na uji kwa kikombe na kijiko. Faida nyingine ni kwamba chupa za uji ni ngumu kusafisha, mabaki hukaa kwenye shingo ya chuchu, na kwa joto la pwani yanachacha ndani ya saa chache. Sitashangaa kama ile wiki ya kuharisha ilianzia hapo.

Kuhusu unga wa lishe unaouzwa au kusagwa mtaani kwa kuchanganya nafaka saba, nane, mpaka kumi: sina ugomvi nao sana, lakini wingi wa majina kwenye pakiti hauongezi lishe. Nafaka tano pamoja bado ni nafaka. Kinachobadilisha uji ni karanga, soya, maziwa au dagaa. Soya lazima ikaangwe au ichemshwe kabla ya kusagwa, mbichi inazuia tumbo kuitumia protini yake. Na unga uliochanganywa na karanga ukakaa miezi kwenye ndoo huchacha, na mbaya zaidi ni sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na ukungu wa nafaka na karanga. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu Dodoma na Manyara kupitia mahindi, na Kenya mwaka 2004 iliua zaidi ya watu mia moja, wengi wao Makueni na Kitui. Karanga zichambue kwa mkono wako: iliyosinyaa, iliyobadilika rangi au yenye ukungu tupa, usiionee huruma. Saga kidogo kidogo, za wiki moja.

Uji wenyewe ubaki mara mbili kwa siku, asubuhi na alasiri. Milo miwili mingine iwe chakula cha nyumbani, na kimoja au viwili vya katikati kama ndizi mbivu, parachichi, yai la kuchemsha, kiazi kitamu. Chakula cha nyumbani kwa mtoto wa umri huu ni kilekile mnachokula, ila mtolee kabla ya pilipili na ukiponde. Wali na maharage yaliyoungwa kwa nazi, vijiko vitano vilivyopondwa pamoja, ni mlo kamili. Dagaa wakaushe, toa vichwa kama ni vichungu, watwange wawe unga, chekecha, weka kwenye kopo. Kijiko kimoja cha mezani ndani ya wali au mchicha kila siku hata harufu haitamsumbua. Napenda dagaa kuliko ushauri wa nyama, kwa sababu nikisema nyama mama anasubiri mwisho wa mwezi, na dagaa anao jikoni. Ini mara moja kwa wiki likipatikana ni zuri sana kwa damu. Chai, hata ya maziwa, muondolee. Inazuia mwili kuchukua madini ya chuma kwenye chakula, na inajaza tumbo bure. Vivyo hivyo juisi za paketi na biskuti za kumnyamazisha.

Kuna jambo moja kuhusu namna ya kulisha. Usimlaze mapajani ukambana pua umiminie uji. Najua linafanyika, najua bibi zetu walilifanya na sisi tupo. Uji ukiingia njia ya hewa unaua, na asipokufa anajifunza kukiogopa kikombe. Mkalishe, mpe sahani yake mwenyewe. Mtoto anayekula sinia moja na wakubwa hushindwa mbio, na wewe huwezi kujua amekula kiasi gani. Mpe kijiko kimoja ashike yeye, kingine shika wewe. Atamwaga. Muda wa mlo usizidi nusu saa. Akikataa ondoa bila kelele wala kumbembeleza kwa simu na katuni, na usimpe biskuti badala yake, subiri mlo unaofuata. Kazi yako ni kuweka chakula kizuri mbele yake kwa wakati. Kiasi cha kula ni chake.

Wiki mbili za kwanza baada ya ugonjwa wowote, mwongezee mlo mmoja kwa siku. Mwili wa mtoto aliyepona una njaa ya kulipiza na ukiitumia anarudisha uzito haraka. Nyinyi mlikosa dirisha hilo mara ya kwanza, lakini halijafungwa, anza sasa. Akiharisha tena, ORS na zinki siku kumi hadi kumi na nne, na usisimamishe chakula wala ziwa.

Turudi kwenye sirapu. Soma kwenye boksi. Sirapu nyingi za hamu ya kula zina ciproheptadini, ambayo kwa asili ni dawa ya mzio. Inasinzisha, na njaa huwa ni athari yake ya pembeni. Haipaswi kupewa mtoto wa chini ya miaka miwili bila daktari kuamua, na ukiisimamisha hamu hurudi ilipokuwa. Afadhali hiyo kuliko vile vidonge vya kunenepesha vinavyouzwa kwa siri masokoni, ambavyo mara nyingi huwa na deksamethasoni. Hivyo humjaza mtoto maji na mashavu, kila mtu anasifu, huku kinga ya mwili inashuka na urefu unasimama. Mtu akikuletea, hata kama ni ndugu, kataa. Hata vitamini za sirapu si lazima. Matone ya vitamini A anayopewa kila miezi sita na dawa ya minyoo ahakikishiwe. Kwa umri wake dawa ya minyoo ni nusu kidonge cha albendazoli, yaani miligramu 200, na akifika miaka miwili kidonge kizima.

Ziwa usiache. Hili naomba nilisimamie. Mtoto wa mwaka na nusu anayenyonya anapata zaidi ya theluthi ya nguvu za siku kutoka kwako, pamoja na kinga ambayo hakuna duka linaiuza. Ushauri wa kitaalamu ni kunyonyesha hadi miaka miwili na zaidi. Wanaomwachisha mtoto anayesuasua ili "ale vizuri" mara nyingi huniletea mtoto huyohuyo baada ya miezi miwili akiwa na hali mbaya zaidi. Unachoweza kubadilisha ni mpangilio: chakula kwanza, ziwa baada ya chakula. Usiku kama ananyonya mara sita saba na asubuhi hataki kitu, punguza zifike mbili, polepole.

Na sasa hilo walilonong'ona. Wasomaji wa pwani na bara wanalijua: mtoto akidhoofu hudaiwa wazazi wamekutana kimwili akiwa bado ananyonya, au mmoja wao ametoka nje ya ndoa, na mtoto kapata madhara. Mama, nimewaona watoto walioletwa kwangu na jina hilo. Miguu membamba, ngozi ya makalio imelegea kama suruali kubwa, nywele zimekwajuka, hawasimami. Ukiwapima unakuta utapiamlo mkali, au kifua kikuu, au virusi vya UKIMWI, au kuhara kulikokaa mwezi mzima. Tendo la ndoa haliharibu maziwa wala halipiti kwa mtoto. Kinachohitaji kuangaliwa ni mimba nyingine kuja mapema, kwa sababu hapo mtoto huachishwa ghafla na mama mwenyewe huchoka. Basi nendeni mkachague njia ya uzazi wa mpango. Madhara ya uvumi huu ni kwamba mama anaona aibu, anamfunika mtoto kwa khanga, haendi kliniki mpaka kuchelewa, na wanandoa wanaanza kuchunguzana. Binti yako hana dalili hizo hata moja. Anakimbia.

Namna ya kumwambia mama mkwe ni yako, unamjua kuliko mimi. Mimi ningemchukua kliniki. Mkalishe kwenye benchi, asikie mwenyewe, umwombe nesi amfungie mtoto utepe wa mkono mbele yake. Bibi akishirikishwa kutwanga dagaa huwa mlinzi mkali kuliko daktari. Ukimpinga kwa maneno utabaki na vita ndani ya nyumba na mtoto katikati. Na kama kesho watahamia kwenye habari ya kimeo, kwamba kikatwe ndipo atakula, hapo usijadiliane. Kukata kimeo kumewamwagisha watoto damu mpaka wakafa, na hakujawahi kumwongezea mtoto gramu moja.

Huo utepe niliotaja ni kipimo rahisi na kizuri. Unazungushwa katikati ya mkono wa juu wa kushoto. Sentimita 12.5 na kuendelea ni kijani, tunashukuru. Kati ya 11.5 na 12.5 ni njano, anahitaji ufuatiliaji wa karibu. Chini ya 11.5 ni nyekundu, huyo anaanzishwa chakula dawa, yaani chakula maalumu cha kutibu utapiamlo mkali, siku hiyohiyo. Sikuona kipimo hicho kwenye barua yako, wala urefu. Urefu ndio unaosahaulika zaidi kliniki zetu, kwa sababu mtoto lazima alazwe kwenye ubao na washike watu wawili. Lakini bila urefu huwezi kujua kama mtoto mwepesi amekonda au ni mfupi tu, na tiba zake ni tofauti. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta watoto kama 30 katika kila 100 wa chini ya miaka mitano Tanzania wamedumaa, na mikoa iliyoongoza ni Iringa, Njombe na Rukwa, inayovuna mahindi ya kulisha wengine. Watoto wa huko wanashiba. Wanashiba ugali. Ndiyo maana nimekaa sana kwenye dagaa na karanga kuliko kwenye wingi wa chakula.

Usingoje mwezi ujao kama ataanza kutapika kila kitu, akakataa hata ziwa, akalegea au kusinzia kupita kawaida, akapata degedege, au miguu yote miwili ikavimba. Uvimbe huo unaujua kwa kubonyeza mguu kwa juu, mgongo wa unyayo, kwa dole gumba, hesabu kumi, na shimo likabaki. Mtoto mwenye uvimbe wa namna hiyo anaweza kuonekana mnene na mizani ikasoma vizuri, kwa hiyo usimwamini mtu atakayesema amenawiri.

Yasipotokea hayo, fanya niliyoeleza kwa wiki nne kisha mrudishe kliniki ileile, mizani ileile, akiwa hana nguo. Omba apimwe urefu na mkono. Akisoma kilo 9.1 au zaidi, kasi imerudi na daktari wako hana la kuongeza ila kukupa tarehe. Akibaki 9.0 au chini yake wakati uji umekuwa mzito kweli na chupa imeondoka kweli, basi sema wazi kwamba unaomba vipimo: wingi wa damu, malaria, choo, na mkojo. Mkojo usiuache, kwa watoto wa kike maambukizi ya njia ya mkojo yanaweza kuzuia uzito bila dalili nyingine yoyote. Kipimo cha selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, kifanyike kama hajawahi kupimwa, na kama kuna mtu mzima nyumbani anayekohoa zaidi ya wiki mbili, mtajeni, kwa sababu kifua kikuu cha mtoto huwa tunakipata kwa kuanzia kwa mtu mzima. Kama wewe ulipima virusi vya UKIMWI wakati wa ujauzito na hujarudia tangu hapo, rudia siku hiyo. Mnapima wote kwa foleni moja. Nenda na kadi, na andika nyuma ya daftari alichokula siku tatu za mwisho, vijiko kwa vijiko. Daktari mwenye dakika mbili akiletewa karatasi hiyo atazitumia vizuri.